Nani Aende kwa Nani?

Hoja iliyopo barazani ni fupi: Mkristo aliyedhulumiwa aiache hasira yake leo, au akae nayo mpaka haki irudi? Wanaoijadili ni watano, na wote nimewabuni, pamoja na ugomvi wa shamba utakaousikia. Usiende Handeni kuwatafuta. Yale mengine, ya sheria, ya Uganda na ya Msomera, yametokea na yanajulikana.

Nimewakutanisha Manundu, Korogwe. Mji huu umezoea wageni. Mashamba ya mkonge yaliwaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakachanganyika na Wasambaa, Wazigua na Wabondei, wakagombana, wakaoana. Tena Korogwe ndiyo makao ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, ambayo askofu wake, Maimbo Mndolwa, aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 2018. Mahubiri ya msamaha hayajawahi kupungua hapa. Handeni iko kilomita 65 kwa barabara ya lami, na wanne kati ya hawa watano wametoka upande huo asubuhi.

Anaanza mkubwa wao kwa umri, kama ilivyo ada.

KATEKISTA: Wanangu, miaka niliyofundisha wanafunzi wa kipaimara kule Kideleko, Handeni, swali hili halikunipa shida. Petro alimwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, akataja saba akidhani ametaja nyingi, akajibiwa sabini mara saba. Mwenye hasira anakesha, aliyemkosea anakoroma. Nani anaumia hapo? Mtu asamehe leo leo, haki itamkuta njiani.

MAMA: Baba Katekista, nimekusikia kwa heshima zote. Lakini sura uliyoifungua ni Mathayo 18, na wewe umeanzia mstari wa 21. Wa 15 umeuruka. Pale Bwana anasema ndugu yako akikukosea umwendee, mzungumze ninyi wawili; akikataa, urudi na mtu mmoja au wawili; akikataa tena, ulipeleke kanisani. Ni safari tatu hizo, kabla hujafika kwenye sabini mara saba yako. Mimi nilizifanya. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alisogeza mpaka wa shamba letu la michungwa. Aling'oa mikonge iliyokuwa alama, akapanda mingine ndani kwangu. Nilimwendea peke yangu, akasema shamba ni la ukoo na mimi ni wa kuja. Nikarudi na wifi yangu, hakutufungulia mlango. Kanisani nikaambiwa, mama, samehe, yule ni mzee wa kanisa, tusiiaibishe parokia. Jumapili ile ile Padre aliposema tupeane amani, shemeji akanyoosha mkono, nami nikaupokea. Michungwa ikabaki kwake.

KATEKISTA: Na ulipoupokea ule mkono, moyoni kulikuwaje?

MAMA: Kulikuwa na hasira, Baba. Na niliiogopa hasira yangu kuliko nilivyoiogopa dhuluma yake, maana ndivyo mlivyonifundisha.

Hapo niliona Katekista akivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mama amegusa jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka. Mahubiri ya kuishinda hasira karibu kila mara huelekezwa kwa mjane, kwa mke, kwa mfanyakazi aliyenyimwa ujira: kwa yule ambaye hasira ndiyo kitu pekee alichobakiziwa. Aliyeisababisha hukaa benchi la mbele akiitikia Amina.

Majirani zetu wa upande wa pili wa mpaka, Wataita, waliliona jambo hili kwa jicho jingine kabla ya ukristo kushika mizizi. Mtafiti Grace Harris, aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1978, aliandika kwamba kiini cha dini yao kilikuwa kuitoa hasira moyoni. Mtu wa nyumbani akiugua, swali lilikuwa: moyo wa nani una hasira? Akishajulikana, hawakumwacha peke yake na hasira yake. Kulifanyika ibada, akanywa funda la pombe au la maji ya miwa, akalitema kwa kulirusha huku akitamka maneno ya heri. Sipendekezi turudi huko. Ninachokitamani ni lile swali lao la kwanza, kwa sababu mwenye hasira alitafutwa, akafuatwa, akasikilizwa. Mama huyu hakufuatwa na mtu.

KARANI (alifanya kazi mahakamani, Handeni, sasa amestaafu): Naomba kusema kidogo juu ya muda, maana kila mwenye mamlaka ana saa yake. Paulo anawaambia Waefeso kwamba wanaweza kukasirika, ila wasitende dhambi, na jua lisichwe wakiwa bado na uchungu. Hiyo ni saa ya Paulo. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, nazo zinakubali kwamba mtu anaweza kuchokozwa mpaka akashindwa kujizuia. Aliyeua katika ghadhabu ya papo hapo, kabla damu haijapoa, hutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Lakini akienda nyumbani, akala, akalala, akarudi alfajiri na panga, kinga hiyo hana tena. Kwa hiyo Paulo na sheria wanakubaliana: hasira iliyolala usiku mmoja si ile ya jana.

MAMA: Yangu imelala misimu kadhaa ya machungwa na haijashika panga, Bwana Karani.

KARANI: Ndiyo maana nataka uende barazani. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao wanawake si chini ya watatu. Sheria ya 2002 ilitaka hivyo. Ukitoka hapo unakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 halikati tena kesi ya ardhi, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya iko wazi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haijui habari ya mke wa kuja.

KATEKISTA: Paulo aliwakataza Wakorintho kushtakiana mbele ya wasioamini.

MAMA: Aliwaambia pia wamtafute mwenye hekima miongoni mwao awaamue. Mimi nilimtafuta, Baba. Aliniambia nisiiaibishe parokia.

Kijana wa bodaboda, ambaye muda wote alikuwa ameegemea pikipiki yake nje ya baraza, anaingia bila kusubiri kukaribishwa.

KIJANA: Shikamooni. Mnaongea habari za hasira za watu wenye subira. Njooni kijiweni kwetu. Mwenzetu alikodiwa usiku kwenda Mkata, akakutwa asubuhi kwenye mkonge, pikipiki hakuna. Siku tukimshika mwizi wa pikipiki, nani anakumbuka mabaraza yenu? Mimi niliimba kwaya, nikabatizwa, nikapata kipaimara, na siku moja nimeshika jiwe. Sikulirusha. Lakini sikulirusha kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alinisukuma nikaanguka, basi. Nisijisifu.

KARANI: Miaka yangu yote mahakamani nimesoma gazetini kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Sijawahi kuwaona hao wananchi wakisimama kizimbani.

Karani anatania, lakini hesabu haichekeshi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja mamia ya watu wanaouawa namna hiyo nchini kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nchi hii ni ya waumini, Wakristo kwa Waislamu. Wale wenye mawe wametoka ibada gani?

KATEKISTA: Mjukuu wangu, umenikumbusha Yohana 8. Waliomleta yule mwanamke walikuwa umati, na kila mmoja amejificha ndani ya mwenzake. Bwana hakuwahubiria upendo. Alitaka tu asiye na dhambi atangulie kutupa. Maana yake mmoja ajitokeze, awe na uso, awe na jina. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Mimi huwa nawaambia wanafunzi, tazameni, wazee ndio waliotangulia kuondoka.

KIJANA: Kijiweni kwetu wazee hawaji, babu.

Neno la Kijana lingetosha kufungua mjadala mwingine, na nakiri kwamba nisingejua pa kuufungia. Nimeliacha kwa sababu Mfugaji alikuwa amenyoosha fimbo yake akiomba nafasi, na alichokuja nacho ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Ni Mmaasai, Mlutheri, na anaishi Msomera, Handeni.

MFUGAJI: Wazee wangu, mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Ngorongoro. Babu yangu alizaliwa Serengeti, akaondolewa mwaka 1959 hifadhi zilipogawanywa, akaambiwa Ngorongoro ndiyo itakuwa nyumbani. Juni 2022 magari yakaanza kutuleta Handeni kwa makundi, safari ya kilomita zipatazo 600, ng'ombe kwenye malori. Serikali inasema kila aliyehama alijiandikisha kwa hiari yake. Wapo ndugu zangu wanaosema huduma kule zilibanwa mpaka hiari yenyewe ikawa nyembamba, na mashirika ya haki za binadamu yameandika hivyo. Mimi nilijiandikisha. Nikapewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari mbili na nusu, pamoja na ekari tano za kulima. Nilipofika nikamkuta mtu amesimama pembeni ya kiwanja, anakitazama. Ni mwenyeji wa Msomera, Mmaasai kama mimi, anasema hapo alikuwa akichunga. Ana hasira na mimi. Na mimi ramani sikuichora.

MAMA: Mungu wangu.

KATEKISTA: Hapa ndipo Injili inapofaa, mwanangu. Mathayo 5. Ukileta sadaka yako madhabahuni, iache pale, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Mwenye hasira asitoe sadaka. Hata wewe, mama, na shemeji yako...

MAMA: Baba, samahani, nakukatiza. Isome tena. Aliyesimama madhabahuni amekumbuka nini?

KATEKISTA: Amekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake.

MAMA: Basi mwenye neno ni nani? Ni yule wa madhabahuni?

Katekista alikawia kujibu. Nadhani aliufundisha mstari huo kwa miaka mingi kama wengi wetu tunavyousikia: mwenye hasira aende akapatane. Mstari wenyewe unamnyanyua mwingine kabisa. Anayeambiwa aache sadaka ni yule ambaye mwenzake ana lalamiko juu yake. Mwenye hasira yuko nyumbani, labda hata kanisani hakuja siku hiyo. Katika Mathayo 18 ndipo aliyekosewa anapoambiwa aende. Ukizisoma sura zote mbili, hakuna anayebaki amekaa: mmoja anatoka kwake akiwa na lalamiko, mwingine anatoka kanisani mikono mitupu, na wanatakiwa kukutana njiani. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba hasira ni kazi ya mwenye hasira peke yake, sikubali tena. Mama ametembea nusu yake yote. Nusu ya shemeji ina majani.

MFUGAJI: Basi mimi ndiye wa madhabahuni.

KIJANA: Wewe umekosa nini?

MFUGAJI: Sijakosa. Lakini maandiko hayaulizi kama lalamiko ni la haki. Yanasema ana neno juu yangu. Na yeye neno analo, kila nikinywesha ng'ombe naliona usoni pake. Nilimchukua mzee mmoja wa usharika wetu, tukaenda kwake jioni. Tukanywa chai. Tukaongea habari za mvua na magonjwa ya mifugo, saa nzima, hakuna aliyetaja kiwanja. Mwishoni nikamwambia, mimi nimeletwa, sikukuchagua wewe nikukalie. Maji tunyweshe kwa zamu, ng'ombe wako watangulie. Akanyamaza. Halafu akasema: wewe sina neno nawe, neno langu liko kwa aliyekupa. Siku hizi tunasalimiana. Ila hasira yake haijaisha, wazee, na mimi nimeridhika kwamba si kazi yangu kuimaliza. Mimi nimeondoka tu njiani, isinipige mimi.

KATEKISTA: Na huyo aliyekupa, nani atamwambia aache sadaka?

KIJANA: Ofisi haina madhabahu, babu.

KARANI: Tuseme lililotendeka. Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya malalamiko ya ardhi Ngorongoro, nyingine ya utekelezaji wa zoezi la kuhama. Mkubwa kuondoka alipo na kwenda kuwasikiliza wenye neno juu yake, hiyo ni hatua.

MFUGAJI: Ni hatua, nashukuru. Lakini Mathayo hasemi kaunde tume. Anasema kapatane.

Juu ya ofisi na madhabahu sikubaliani na Kijana, na kwa kuwa makala ni yangu nitasema. Ofisi ni watu. Anayepima ardhi ana jina, anayetia saini ana jina, na Jumapili wengi wao wanapanga foleni ya kutoa sadaka pamoja nasi, Mungu anawaona. Wakristo tumezoea kuugawa upendo: majirani tunawadai upendo, wakubwa tunawadai maendeleo. Msomera inaonyesha matokeo yake. Wafugaji wawili maskini wanahubiriwa wapendane juu ya ardhi ambayo hakuna kati yao aliyeigawa, na wanajitahidi kweli, kwa chai na kwa zamu ya maji, huku nusu ya safari ya yule aliyeigawa haijapata mtembezi.

Katekista alikuwa na silaha moja ameiweka akiba.

KATEKISTA: Hata kwa wakubwa, wanangu, kuna aliyetutangulia. Askofu Festo Kivengere. Mnganda, ila alifundisha shule hapa kwetu Dodoma kabla ya kuwa askofu. Februari 1977 Idi Amin alipomwua Askofu Mkuu Janani Luwum, Kivengere alitoroka na mkewe kwa miguu milimani mpaka Rwanda. Mwaka ule ule akatoa kitabu, na jalada lake linasema anampenda Idi Amin. Mtu aliyetaka kumwua! Alieleza kwamba chuki ilikuwa inamkausha moyo, akaliona hilo alipoutafakari msalaba. Hakungoja haki.

KIJANA: Yeye alimpenda, babu, lakini Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, alimpelekea mizinga. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Bila ile mizinga, huo upendo ungerudi Uganda lini?

MAMA: Kabla ya mizinga na kabla ya kitabu kulikuwa na barua. Mnaisahau ninyi wote wawili. Maaskofu wa Uganda, Luwum na Kivengere wakiwemo, walimwandikia Amin mwezi ule ule wa Februari, wakamlalamikia juu ya watu wanaouawa na askari wanaovunja nyumba usiku. Waliweka majina yao. Luwum aliuawa siku chache baadaye. Baba, mtu aliyekwisha kuandika barua ile ana haki ya kusema nampenda Amin, na nikimsikia namwamini. Anayeanza na nampenda bila barua, mimi namwona anaogopa tu.

KATEKISTA: Unaniambia nampenda shemeji yako kwa woga?

MAMA: Nakuambia barua haijaandikwa.

Walitazamana. Nilifikiri hapa ndipo wataachana, kwa sababu maneno ya aina hii kati ya mama na katekista aliyemfundisha kipaimara hayasemwi kila siku upande wa Handeni. Nikakumbuka hasira nyingine: Marko 3 inasimulia kwamba Yesu aliwatazama waliomzunguka kwa hasira, akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao, halafu akamwambia mwenye mkono uliopooza aunyoshe. Hasira ile iliishia kwenye mkono wa mtu kupona. Sijui kipimo kingine kizuri zaidi: utazame hasira yako imemponya nani.

KATEKISTA: Shemeji yako alipolazwa mwaka jana, nasikia kuna mtu alikuwa akimpelekea bada na mlenda hospitali.

MAMA: Alikuwa mgonjwa.

KATEKISTA: Ulikuwa umeshamsamehe?

MAMA: Paulo anasema adui akiwa na njaa mlishe. Hakusema kwanza nichunguze moyo wangu. Nilikuwa napika, nakasirika, nafunga kipochopocho kwenye kitambaa, napanda bodaboda.

KIJANA: Mimi ndiye niliyempeleka. Nauli aliniomba punguzo.

Walicheka, hata Mfugaji, ambaye sidhani alielewa habari ya nauli.

MAMA: Baba, baraza la kijiji linakaa Ijumaa. Mikonge ile ya zamani mume wangu aliipanda wewe ukiwa shambani, ulikuwa umekuja kumfundisha mtoto wetu katekisimu. Wewe ndiye mtu mzima pekee aliye hai aliyeiona ikipandwa. Nataka uje useme ilikuwa wapi.

KATEKISTA: Ijumaa hiyo?

MAMA: Hiyo hiyo.

KATEKISTA: Shemeji yako ndiye anayenisaidia kusoma masomo Jumapili, macho yangu haya.

MAMA: Najua.

KARANI: Shahidi haulizwi anamsaidia nani, Mzee. Anaulizwa aliona nini.

KATEKISTA: Nitakuja. Lakini Alhamisi nitampitia kwanza nyumbani kwake, nimwambie nitakachokisema. Asije akakisikia barazani mbele ya watu.

MAMA: Mpitie. Ila Ijumaa usichelewe, wanaanza saa tatu.